Imani na Hiari

Mimi ni mtu wa dini. Natanguliza neno hili kwa sababu kila nisemapo kwamba serikali isiwe na dini, wapo ndugu zangu katika imani wanaodhani nimeanza kupoa. Na nisemapo kwamba kompyuta yangu naiendesha kwa Linux, wapo wanaodhani nimekosa fedha ya kununua mfumo mwingine. Mambo hayo mawili yako mbalimbali, lakini mimi nimeyachagua kwa sababu moja: hiari.

Katika koloni la Virginia, huko Marekani, Kanisa la Anglikana lilikuwa kanisa la serikali. Watu walitozwa kodi ya kumlipa kasisi, hata wale wasiosali kwake. Katika miaka ya 1760 na 1770, wahubiri wa Kibaptisti waliohubiri bila leseni walitiwa gerezani. Mwaka 1777 Thomas Jefferson aliandika muswada wa uhuru wa dini, na James Madison akaupigania hadi ukapita mwaka 1786. Wabaptisti waliuunga mkono kwa nguvu. Hawakuwa wapinga dini hata kidogo. Walitaka imani itoke moyoni mwa mtu, si mkononi mwa hakimu.

Kwenye kompyuta nako ipo leseni. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza nia ya kutengeneza mfumo ambao kila mtu angeweza kuutumia, kuuchungulia ndani, kuurekebisha na kumgawia jirani. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini cha Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya Stallman. Leseni hiyo ni kinyume cha ile ya Virginia. Haimfungi mtu mdomo. Inamzuia anayeisambaza programu asiwafungie wenzake mlango alioingilia yeye.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Mfumo wa kompyuta nikiuchoka, naufuta jioni moja na kuweka mwingine. Dola siwezi kuifuta. Nimezaliwa ndani yake, na kodi yake nitailipa nikipenda nisipende. Kwa hiyo pale nisipoweza kuondoka ndipo ninapohitaji zaidi kuachiwa dhamiri yangu. Katiba yetu ya Tanzania, katika ibara ya 19, inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Naiona ibara hiyo kuwa ni ukuta wa msikiti na wa kanisa pia.

Wanaoniambia kwamba serikali isiyo na dini ni serikali ya makafiri, huwauliza swali moja: Je, siku watakaposhika hatamu watu wa dhehebu usilolikubali, utaridhika kodi yako imlipe kiongozi wao wa dini? Bado sijapata aliyenijibu ndiyo.