Kucheza Anajua, Kufundisha Je? Kura Yangu Kwa Staa Wa Zamani

Leo tuongee mpira, na niseme mapema kabisa kwamba majina sitaji. Mtaani kwetu tunajuana, na huyu ninayetaka kumzungumzia watoto wake nasalimiana nao kila siku.

Iko hivi. Timu yetu ya mtaa inatafuta kocha wa kutupeleka kwenye ndondo. Mimi ni katibu, kwa hiyo nina kura. Jina lililoletwa mezani ni la mchezaji mkubwa wa zamani, kacheza moja ya timu za Kariakoo na kaitwa Taifa Stars. Akipita barabarani hata bodaboda wanapunguza mwendo wamsalimie. Wajumbe karibu wote wanasema huyo huyo, tunajadili nini? Mimi peke yangu ndiye niliyeomba wiki moja ya kufikiria, na kwenye grupu la WhatsApp nimesemwa mpaka basi.

Sasa nyie niwaambie sababu, maana kule sikuisema.

Mwaka 2018 nilikuwa nimeshamaliza form four, matokeo yamekuja ya kusikitisha, kilichobaki ni mpira. Nilikuwa winga wa kushoto, mbio ninazo, ila krosi zangu zote zinaenda nyuma ya goli. Huyu staa ndiye alikuwa kocha wetu. Siku moja akanisimamisha mbele ya wenzangu, akachukua mpira, akapiga krosi tatu mfululizo. Zote tatu zimetua pale pale. Akaniambia, "Si umeona? Fanya hivyo."

Nikapiga, ukaenda nje. Nikapiga tena, nje. Nikamuuliza, "Kocha, huu mguu wa kulia unaobaki chini niuweke wapi?" Akacheka. Akasema, "Dogo, mpira haufundishwi, mtu anazaliwa nao." Wenzangu nao wakacheka. Nilirudi nyumbani na daluga mkononi, na wiki ile ile nikamuuzia jirani. Nilikuwa na miaka 17.

Kwa muda mrefu niliamini yule baba alikuwa na roho mbaya. Siku hizi nadhani tatizo lilikuwa jingine. Kiukweli hakuwa na jibu. Kitu ambacho mwili wako unakifanya tangu una miaka 8 hujawahi kukifikiria, sasa utamwelezaje mtu? Ni sawa na kumuuliza bibi chumvi kiasi gani kwenye mchuzi. Atakwambia weka tu, utaona.

Na si mtaani kwetu tu. Maradona kila mtu anajua alikuwa nani uwanjani. Kombe la Dunia 2010 kule Afrika Kusini akaja kama kocha wa Argentina, ana Messi kikosini, na robo fainali Ujerumani wakampiga 4-0. Thierry Henry alipewa Monaco Oktoba 2018, Januari 2019 ameshaondolewa. Upande wa pili yupo Arrigo Sacchi, mtu aliyewahi kuuza viatu na hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa, lakini AC Milan yake ilibeba Kombe la Ulaya 1989 na 1990. Mourinho naye aliwahi kuwa mkalimani wa Bobby Robson pale Ureno.

Hapo najua kuna mdau ameshaanza kuandika, "Na Zidane je?" Subiri, nakuja.

Zidane kweli alibeba Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018. Lakini watu wanasahau alipopita. Alikaa kwanza benchi kama msaidizi wa Ancelotti, halafu akafundisha timu ya pili ya Real Madrid, mechi ambazo wengi wetu hatukuziangalia. Guardiola naye alianzia Barcelona B. Aliou Cissé wa Senegal alikosa penalti kwenye fainali ya AFCON 2002 akiwa nahodha, akafundisha vijana wa chini ya miaka 23, akapewa timu ya wakubwa 2015, akapoteza fainali ya 2019, ndipo akaja kubeba kombe Februari 2022. Hawa wote walikuwa wachezaji wakubwa, ila walikubali kwenda kujifunza kazi upya. Ukubwa wao ulisaidia, lakini ulisaidia baada ya hapo.

Na ukubwa unasaidia, tusidanganyane. Baada ya staa kuondoka timu ilichukuliwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye hajawahi kucheza popote. Alikuwa anapiga magoti kwenye vumbi anamwekea mtoto mguu pembeni ya mpira kwa mkono wake mwenyewe. Vijana wadogo walibadilika kabisa. Lakini siku ya nusu fainali, mapumziko tumeshafungwa mbili, anajaribu kuongea, straika wetu akamjibu, "Mwalimu, wewe umecheza wapi?" Akanyamaza. Tukafungwa nne. Staa angekuwepo siku ile hakuna ambaye angefungua mdomo.

Wiki iliyopita nikaenda kwa staa mwenyewe. Nikatoa shikamoo, nikakaa. Akaniangalia akasema, "Wewe si yule wa kushoto? Mbona uliacha?" Nikamwambia ukweli wote, mpaka lile neno la kuzaliwa nao. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, hilo swali lako hata mimi nilikuwa sijui jibu lake. Kwetu kocha alikuwa anafoka tu, na mimi nikafoka." Akaniambia anataka kwenda kusomea leseni D ya CAF, ila anaona aibu kukaa darasani na vijana wa umri wangu.

Wadau, nilitoka pale hasira zimepungua nusu. Nusu nyingine bado ninayo, siwezi kudanganya.

Jumapili tunapiga kura. Mimi nitapendekeza apewe watoto wa chini ya miaka 15 kwa mwaka mmoja, ada ya kozi tuichange, na ndondo hii aende nayo mwalimu, staa akikaa naye benchi. Najua kuna wazee watasema namdhalilisha mfalme. Lakini kwenye wale watoto kuna winga wa kushoto mmoja, krosi zake zinaenda nyuma ya goli kama zangu. Sitaki na yeye auze daluga.

Nyie mngepigaje kura? Tupia maoni hapo chini, matusi acheni.