Akiba ya Sauti katika Sikio la Mtoto

Mzazi aambiwapo kuwa mtoto wake ni kiziwi, mara nyingi hudhani kwamba masikio yamefungwa kabisa, kama mlango uliotiwa kufuli. Kwa watoto wengi sivyo ilivyo. Wamebakiwa na akiba fulani ya usikivu, hasa wa sauti nzito.

Mpwa wangu wa miaka saba, akaaye na wazazi wake Kirumba, Mwanza, ni mmoja wao. Honi ya meli ikilia bandarini huisikia. Ngoma ya Kisukuma ikipigwa huifuata kwa miguu bila kukosea. Lakini usikivu wake wa sauti nyembamba ulififia mwaka hadi mwaka. Umwambiapo “sato” yeye husikia “ato”, na shikamoo yake ilikuwa imekwisha kuwa “ikamoo”. Shimesikio alilovishwa lilikuza sauti zile alizokuwa akizisikia, zilizopotea halikuzirudisha. Ndipo wazazi wakashauriwa apandikizwe kifaa cha kusikia ndani ya sikio. Zamani watoto wetu walipelekwa nje kwa tiba hiyo, hasa India. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili huifanya hapa nchini.

Dada yangu, ambaye huuza dagaa Mwaloni, hakuanza kwa kuuliza bei. Alimwuliza daktari, “Mkishampasua, ile honi ya meli ataendelea kuisikia?” Wahenga walionya tusiache mbachao kwa msala upitao, na hofu ya mama huyu ilikuwa hiyo hiyo. Daktari hakumficha: pengine ataisikia, pengine hataisikia.

Sababu yake ni hii. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kinachoitwa koklea, kilichojiviringisha mfano wa konokono kwa mizunguko miwili na nusu, na ukubwa wake ni kama punje ya njegere. Humo mna chembe hai zenye vinyweleo, zipatazo 15,000. Zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba, na zilizo ndani kabisa hupokea sauti nzito. Chembe hizi zikifa kwa binadamu hazioti tena. Mpasuaji hupenyeza humo uzi mwembamba unaopeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu. Mwili humwona mgeni huyo kama adui: huvimba, kisha hujenga kovu kumzunguka. Katika vita hivyo chembe zilizosalia huweza kufa, ama siku ile ile, ama baada ya wiki au miezi.

Hapo ndipo zinapohitajiwa dawa za steroidi, jamaa ya ile kotisoni iliyoanza kutumiwa kutibu baridi yabisi mwaka 1948 na kuwapatia wagunduzi wake Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Kazi yake ni kutuliza uvimbe. Hupewa mgonjwa kwa sindano ya mshipani, kwa vidonge vya siku chache, au hudondoshwa kwenye kidirisha cha koklea wakati wa upasuaji. Watafiti wamejaribu pia nyuzi zinazotoa dawa hiyo pole pole. Kwa wanyama wa maabara matokeo yamekuwa mazuri. Kwa binadamu hayalingani. Wepesi wa mkono wa mpasuaji na ulaini wa uzi nao una sehemu yake.

Akiba hiyo ina thamani gani? Mwaka 1999 madaktari wa Frankfurt, Ujerumani, walieleza jinsi sikio moja linavyoweza kupokea sauti nzito kwa njia ya asili na nyembamba kwa umeme. Wenye kusikia hivyo huelewa maneno vizuri zaidi penye kelele, na muziki kwao huwa muziki.

Mpwa wangu alipasuliwa, akapewa steroidi kabla na baada. Miezi sita baadaye kipimo kilionyesha kwamba sauti nzito zimepungua, lakini zipo. Siwezi kusema ni dawa peke yake iliyozihifadhi. Najua tu kwamba sasa anasema “sato”, na ngoma bado anaicheza.

Wazazi wenzangu, steroidi si dawa ya kujinunulia dukani. Hupandisha sukari mwilini, hudhoofisha kinga, na aliyezitumia kwa muda mrefu hapaswi kuziacha ghafla. Tena, mtoto aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo apelekwe upesi, maana koklea yake huweza kugeuka mfupa. Kabla ya upasuaji wowote, muulizeni daktari: mtoto amebakiwa na usikivu kiasi gani, utalindwa kwa njia gani, na utapimwa tena lini? Mama muuza dagaa aliuliza. Nanyi msione haya kuuliza.