Cape Town: Miti ya kivuli inayokunywa maji ya mji

Mgeni akifika Cape Town huonyeshwa Table Mountain kwanza. Mwenye watoto asikimbilie kileleni tu. Ainame atazame vichaka vilivyo miguuni pake. Wenyeji huviita fynbos. Vingi ni vifupi, majani membamba na magumu, na humo ndimo yalimo maua ya protea. Ukanda huu wa Rasi una aina za mimea zipatazo 9,000, nyingi hazioti kwa asili pengine popote duniani. Mvua yake ni ya kipindi cha baridi na kiangazi ni kikavu, kama nchi za Mediterania.

Wakoloni waliona vichaka hivyo si kitu. Wakaleta misonobari, na karne ya 19 wakaleta akasia za Australia zishike mchanga uliokuwa ukipeperuka. Zilishika mchanga kweli, kisha zikashika na nchi. Mbegu zake hulala ardhini miaka mingi; moto ukipita, huchipua kwa wingi. Hata miwati, ambayo watu wa Njombe wanaithamini kwa magome yake, kule ni magugu.

Tatizo kubwa ni maji. Mwaka 2018 mji ulikaribia kukauka, kila mtu akatakiwa atumie lita 50 tu kwa siku, kuoga na kufua humo humo. Mzazi mwenye mtoto wa nepi anaielewa hesabu hiyo. Mwaka huo huo ilikadiriwa kuwa miti ya kigeni kwenye vyanzo vya maji hunywa lita bilioni 55 kwa mwaka, karibu matumizi ya mji ya miezi miwili.

Tangu 1995 serikali huajiri wasio na kazi kuikata. Kwenye magenge, wakataji huning'inia kwa kamba. Msonobari ukikatwa umekwisha, lakini kisiki cha akasia hupakwa dawa, la sivyo kitachipua tena.

Huko Tokai wakazi walipinga misonobari kukatwa, kwa sababu ya kivuli. Nawaelewa, maana jua la Januari ni kali na vichaka havimfuniki mtoto. Hata hivyo, mimi ningechagua maji.

Ukienda na familia, ulizia vikundi vya kujitolea vinavyong'oa miche mwishoni mwa wiki. Baada ya mvua za Juni udongo huwa laini, na mche wa urefu wa kidole hata mtoto wa miaka sita anautoa na mzizi wake.