Mjukuu Mgeni Mogitu

Katika likizo ya Desemba 2024 tulitoka Tanga na mwanetu wa miaka tisa, tukenda Mogitu, wilaya ya Hanang, kumzuru mama mkwe wetu. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ulikuwa umejitanda mawingu.

Wairaqw wa huko wana lugha ya Kikushi, na jirani zao Wabarabaig lugha ya Kiniloti. Zote ziko mbali na Kiswahili. Watoto walipomwamkia mwanetu, alinyamaza, wakacheka. Akajificha nyuma ya kanzu yetu, akauliza: "Baba, hapa ni kwetu au kwa watu?"

Swali hilo lilituchoma, kwani kosa lilikuwa letu. Nyumbani tulimzuia mama yake kusema naye Kiiraqw, tukidhani kitamvuruga masomo.

Bibi hakutulaumu. Alimkalisha mekoni, akampa maziwa, akamfundisha jina la maziwa, la moto, la ng'ombe. Siku ya tatu alitoka na wenziwe kuchunga.

Enyi wazazi, Surat Ruum yataja tofauti ya lugha zetu miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Kuunga udugu ni wajibu. Na mjukuu asiyeweza kumjibu bibi yake, atauungaje?