Huku Hakuna wa Kumfokea

Goma, Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Itikia kwa sauti hukohuko Moshi, maana hii ni wiki ya saba sijasikia marahaba. Huku salamu ni "jambo" tu, na wanaume wakishashikana mikono hugusanisha vichwa, panja kwa panja, mara tatu. Siku niliyofika nilimgonga baba mwenye nyumba puani. Mtaa niliopanga chumba nao unaitwa Majengo, kwa hiyo nimetoka Majengo nikaja Majengo, siku tatu juu ya mabasi, Kahama, Rusumo, Kigali, hadi Ziwa Kivu.

Kwenye simu uliniuliza neno moja: kunakalika? Nikasema kunakalika, laini ikakatika. Sasa nakujibu vizuri. Kunakalika, ila kukaa kwenyewe ni kazi ya kutwa.

Nianze na mlima, maana hata hapa asubuhi mtu akifungua dirisha hutazama mlima kwanza, kama kwetu. Wetu umelala, wageni wanalipa kuupanda. Wa huku, Nyiragongo, haujalala. Tarehe 17 Januari 2002 uji wake wa moto ulipita katikati ya mji ukaingia ziwani, na ulipopoa watu walirudi wakajenga juu yake. Kuna jengo nimeoneshwa ambalo unaingilia ilipokuwa ghorofa. Chumba cha chini kimezikwa. Mwaka 2021, usiku wa tarehe 22 Mei, ulimwagika tena ukaishia pembezoni mwa mji. Ukuta ninaoegemea nikiandika ni mawe hayohayo, meusi, yana matundu kama mkate wa kumimina ulioungua. Na nyuma ya mlango umetundikwa mkoba wa turubai. Ndani yake mna vyeti vya watoto, hati ya kiwanja, picha ya harusi na chaja ya simu. Kila nyumba niliyoingia ina mkoba wake nyuma ya mlango. Hakuna aliyewahi kunieleza ni wa nini.

Maji. Saa kumi na moja alfajiri nasikia bidoni zikigongana uani. Bidoni ndilo dumu letu la njano la lita 20. Binti wa nyumba, ana miaka kumi na mitatu, anatoka nazo mbili kwenda bomba la mtaa. Foleni pale si ya watu, ni ya bidoni. Moja imefungwa kitambaa chekundu, nyingine imechorwa msalaba kwa rangi ya kucha, na kila mwenye bidoni yake anajua iko ya ngapi hata akiwa amerudi kitandani. Bomba likiguna bila kutoa kitu, anarudi na habari: "Mayi haiyakuya." Hapo anaitwa kijana mwenye chukudu, lile baiskeli la mbao lisilo na pedali, anateremka nalo ziwani. Ufukweni anasimama mtu na bomba la sindano anatia klorini ndani ya kila bidoni, maana kipindupindu hapa hakijawahi kwenda mbali. Nyumba yetu ina watu tisa. Wiki moja nilikaa na daftari nikihesabu saa: kazi ya maji peke yake inakula asubuhi nzima ya mtu mmoja, kila siku ya Mungu, na ziwa lenyewe linaonekana kutoka barazani.

Najua utasema hata sisi tuliteka maji kwa ndoo. Kweli, na mimi nimetumwa mafuta ya kula ya kupimiwa hadi kiganja kikanuka mawese. Lakini Mama mwenye nyumba si maskini, Shangazi. Anauza vitenge kule Birere karibu na mpaka, ana simu mbili, na Jumapili anavaa vitu ambavyo wewe ungevihifadhia Idi. Pesa Goma ipo. Kuna majumba pembeni ya ziwa yanayopangishwa kwa dola ambazo hata Masaki kule Dar zingetazamwa mara mbili. Fedha ya Mama ndiyo inayonishangaza inavyokwenda. Analipa mchota maji. Analipa betri na paneli ya jua kwa sababu umeme wa gridi haujafika uchochoro wake, ingawa mtaa wa pili unao, unaotoka kwenye maporomoko ya upande wa hifadhi ya Virunga. Analipa vijana wanaojaza mawe kwenye mashimo ya barabara kisha kutega kamba. Analipa mchango wa zamu ya usiku. Analipa walimu wa kijana wake wa sekondari. Na hata shule ya msingi, iliyotangazwa bure mwaka 2019, wazazi walikuwa wameibeba mgongoni tangu migomo ya walimu ya miaka ya tisini mwanzoni, na mpaka leo wako walimu wanaofundisha bila jina lao kuwa kwenye orodha ya mishahara. Baada ya yote hayo anakuja mtu na kitabu cha risiti, naye anadai kodi. Anamlipa. Nilimuuliza kodi hiyo ni ya nini. Akatazama mlima. "Njo vile," akasema. Ndiyo hivyo tu.

Kwetu neno dola lina maana mbili, fedha na serikali, na huku nimeziona zote mbili zikiachana njia. Dola ya Marekani iko mikononi mwa kila mtu, hadi kwenye simu, lakini iwe safi kama mwali. Dola moja ni faranga 2,800 hivi, karibu na shilingi yetu, kwa hiyo hesabu ilinijia haraka. Nilichokosa ni macho. Nilitoa noti ya ishirini kulipia chumba, Mama akaiinua kwenye mwanga, akapitisha ukucha pembeni, akanirudishia. Ilikuwa na mpasuko mdogo kuliko yai la chawa. Nilikwenda nayo kwa wabadilisha fedha watano, kina mama waliokaa na mabunda ya faranga mapajani, na wote walipitisha ukucha palepale, kama waliofundishwa na mwalimu mmoja. Benki haitaichukua, basi nani aichukue? Ninayo bado, nimeiweka kwenye Kurani yangu. Nikirudi nitakuletea uione.

Usiku ni filimbi. Mwizi akiingia kwa jirani, jirani hupuliza, anayefuata hupuliza, asiye na filimbi hugonga sufuria, na mtaa mzima unaamka kama ngoma ya harusi. Polisi wapo, lakini hakuna anayewasubiri. Halafu kuna neno lililonichanganya wiki ya kwanza. Niliambiwa nisipite njia fulani jioni kwa sababu kuna wazalendo. Mimi nikaona wazalendo ni watu wema, kumbe huku Wazalendo ni vijana wenye bunduki wanaopigana upande wa serikali, na wengine wao wakikosa posho hujilipa wenyewe.

Vita viko karibu, sikufichi. Waasi wa M23 wameshika njia za kaskazini, na Sake, mji mdogo ulio kilomita 25 hivi magharibi, umekuwa uwanja wa mapigano tangu mwanzo wa mwaka. Mizinga ikisikika huwa kama mtu anayevingirisha pipa ghorofani. Maharage ya Masisi hayashuki tena ovyo, na bei yake Mama anaitaja kama anayetaja ugonjwa. Wazee wakijua natoka Tanzania hunikumbusha mwaka 2013, ile brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi chini ya Jenerali James Mwakibolwa, iliyosaidia jeshi la Kongo kuwatoa M23 pembeni mwa mji huu. Kwa ajili hiyo nimeshakunywa chai nyingi ambayo sikuifanyia kazi.

Wiki iliyopita nilivuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta dawa ya pumu. Si safari, Shangazi. Ni kama kutoka stendi kwenda sokoni. Miji hii miwili imeshikana, mpaka unapita kati kama mshono kwenye gunia. Nilipitia ule mpaka mdogo wanaouita Petite Barrière: kina mama na beseni za karoti na nyanya kichwani, walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu zilizopakiwa mpaka huwaoni, maelfu kwa maelfu, kwenda na kurudi. Upande wa pili pikipiki inabeba abiria mmoja, naye amevaa helmeti. Goma nimeona moja ikibeba baba, mama, mtoto na kitanda. Lami imefagiliwa. Dawa nikaipata duka la kwanza.

Nilikaa kwenye benchi karibu na ziwa. Ziwa lilelile, na mlima uleule ukitutazama sote. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa anabishana na kijana mwenye faili kuhusu mawe ya barabara yaliyomwagwa mbele ya geti lake. Kinyarwanda sikijui, lakini kile kidole nilikijua. Ni kidole chako. Najua nchi ile ina mambo ambayo hayasemwi kwa sauti, ila mawe ya getini yalikuwa yanasemwa, na kijana mwenye faili alikuwa anaandika. Nikajikuta naona wivu kwa niaba ya Mama, aliyenipa hifadhi na ugali wa muhogo kwa sombe, kisamvu cha huku.

Usije ukadhani watu wa ng'ambo ile wameumbwa tofauti. Julai 1994 mbio zilikuwa upande mwingine: Wanyarwanda karibu milioni moja walivuka mpaka huu ndani ya siku chache, wakalala juu ya mawe haya meusi yasiyochimbika hata kaburi, na kipindupindu kikawafyeka kwa makumi ya maelfu. Miaka thelathini tu, na leo ndiyo ile lami iliyofagiliwa. Wala utulivu wa kule na mashaka ya huku si mambo yasiyojuana. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti baada ya ripoti kwamba Rwanda inawasaidia M23. Kigali inakana, na inasema hofu yake ni wauaji wa 1994 waliojificha misitu ya Kongo. Mimi ni mgeni, sina jeshi. Nakuambia tu kwamba Goma ukiusifu usafi wa Gisenyi meza nzima hunyamaza, na sasa nimejifunza kutousifu.

Nilichelewa pale kwenye benchi. Mpaka siku hizi unafungwa saa tisa alasiri, na nilikimbia mita mia tatu za mwisho na dawa ya pumu mkononi, nikiihitaji.

Kuna sehemu sitaki kuiandika kwa urefu. Magharibi ya mji, kuelekea Bulengo, mahema ya waliokimbia makwao yamefunika mawe mpaka karibu na maji. Nchi nzima waliohama ndani kwa ndani ni karibu milioni saba. Ardhi ya kule hutoa hewa mbaya inayotuama mabondeni, haionekani, na alfajiri unaweza kukuta mbuzi amelala hatua tatu kutoka njiani, amekufa bila jeraha. Inaitwa mazuku, upepo mwovu, na wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua neno hilohilo la Kiswahili. Mama mmoja alinionesha bonde anapowakataza watoto kucheza. Alikuwa amelizungushia kamba ya chandarua.

Sasa jambo la kukuchekesha. Juzi usiku tulikaa gizani, betri imekwisha, nikawapa stori za Moshi. Nikasimulia siku ile bomba lilipopasuka mbele ya kibaraza chako, ukaenda mpaka ofisini na kanga mbili na ndoo ya matope, ukaiweka juu ya kaunta. Mama akaacha kuchambua mboga.

"Na balikuya?"

Walikuja, nikasema.

"Siku ile ile?"

Kesho yake, na Shangazi akawafokea tena kwa kuchelewa.

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Jana akaja na jirani zake wawili, akaniambia nianze upya, na nilipofika kwenye ndoo ya matope akanishika mkono. "Alibambia nini?" Nikasema sikuwepo, nilisimuliwa. Hawakuridhika. Wanataka maneno yenyewe, neno kwa neno, uliyoyasema pale kaunta na waliyokujibu. Niandikie, Shangazi, na usiyapunguze makali. Basi la Kigali hupokea barua, nitaifuata Gisenyi kabla ya saa tisa.

Mimi mwanao,
wa Majengo zote mbili