Sanduku la Nyoka Wetu

Nyoka akionekana bwenini, hapana mwanafunzi anayeuliza ni nyoka wa namna gani. Huulizwa fimbo iko wapi. Kwa sababu hiyo wengi walishangaa waliposikia kwamba chama chetu cha elimu ya viumbe kitamtunza mmoja.

Nyoka huyu ni wa rangi ya kahawia, urefu wake kama futi mbili, naye alikutwa chini ya magunia ya mahindi katika ghala. Mwalimu wetu alimtambua kuwa ni nyoka wa nyumbani. Hana sumu; hutembea usiku, hukamata panya na kuwaua kwa kuwabana kwa mwili wake. Mwalimu alipata kibali katika ofisi ya wanyamapori, lakini Bwana Mkuu wa shule alitoa sharti: nyoka akionekana nje hata mara moja, ataondolewa, na chama kitafungwa. Basi, kwa kuwa baba yangu ni seremala, kazi ya sanduku nilipewa mimi.

Baadhi ya wenzangu walisema kasha lolote lenye mfuniko lingetosha. Mimi sikukubaliana nao. Nyoka hana mikono ya kuvunja mlango, lakini ana subira. Usiku kucha hupita kando ya kuta akisukuma kwa pua, na panapopita kichwa, mwili wote hufuata.

Nilichagua plaiwudi ya nusu inchi. Mbao zenye harufu kali, kama mwerezi, hazifai, kwa maana mafuta yake humdhuru nyoka. Nilikata sanduku la futi tatu kwa futi moja na nusu, nikaunga kwa gundi na skrubu, si misumari, maana msumari hulegea mbao zikivimba. Mbele nilitia kioo kimoja kisichofunguliwa. Mlango uko juu, una bawaba tatu na makomeo mawili, na ufunguo wa kufuli anao mwalimu. Matundu ya hewa niliyatoboa chini upande mmoja na juu upande wa pili, ili hewa ipite, nikayafunika kwa wavu wa waya kwa ndani.

Kazi kubwa ilikuwa kuziba. Nyoka huhitaji bakuli la maji, na maji yakimwagika huingia katika maungio, mbao zikaoza. Tena utitiri hupenda kujificha katika nyufa. Nilichanganya unga wa mbao na gundi, nikajaza kila ufa, nikapiga msasa, kisha nikapaka vanishi ya maji mara tatu, nikingoja kila mara ikauke. Katika pembe za ndani na kando ya kioo nilipitisha silikoni.

Hapo ndipo wenzangu walipokosa subira. Sanduku lilikuwa limekwisha, linang'aa, na nyoka bado amo katika ndoo yenye mfuniko uliotobolewa. Lakini silikoni ile hunuka siki mpaka ikauke kabisa, na nyoka hunusa kwa ulimi. Hewa mbaya katika chumba kidogo humwumiza. Tuliliacha wazi kwa majuma mawili. Kisha usiku mmoja tuliwasha tochi ndani, tukazima taa za chumba, tukalizunguka. Mwanga ulipenya mahali pamoja tu, karibu na bawaba, mwembamba kama uzi. Nilipaziba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nimejifunza kwamba sanduku zuri hulinda pande mbili: huwalinda watu na hofu yao, na humlinda nyoka na fimbo zao. Msomaji mwenzangu, usimshike nyoka usiyemjua, na usimchukue hata unayemjua kabla hujapata kibali na mahali pa kumweka. Mpaka leo wetu amekaa siku 40, na kila jioni wanafunzi wa kidato cha kwanza huja kumtazama kiooni. Sharti la Bwana Mkuu halijavunjwa.