Lugulu, Mahali Dereva wa Lori Anapolala kwa Vipande

Msomaji, ukitoka Nairobi na kufika Webuye, barabara kuu inaendelea zake kuelekea Bungoma na Malaba. Usiifuate. Kata kulia ushike njia ya Kitale, na baada ya kilomita chache utakuwa Lugulu. Huenda jina hilo ulilisikia kwa sababu ya shule ya wasichana au hospitali ya misheni, zote mbili zenye mizizi katika kanisa la Friends. Ni nchi ya mahindi na miwa, na asubuhi isiyo na mawingu utauona Mlima Elgon upande wa kaskazini-magharibi.

Mchana hutaona ajabu. Bodaboda, matatu za Kitale, trekta la miwa linalojikokota na kumchosha kila aliye nyuma yake. Lakini hii ndiyo barabara inayoitoa mizigo Kisumu na Kakamega, ikaipeleka Kitale, Lodwar, Kakuma na Lokichogio, hadi mpaka wa Sudan Kusini. Kwa hiyo ukipita usiku, ukaona lori limeegeshwa kando na kitambaa kimetundikwa kwenye kioo cha mbele, usidhani limeharibika. Dereva amelala. Ama tuseme, analala kipande chake cha kwanza.

Kwa nini kipande? Sheria ya Trafiki ya Kenya, tangu marekebisho ya mwaka 2012, inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya jumla ya saa 8 katika kila saa 24. Ni sheria nzuri. Ila inahesabu saa za usukani tu. Kifungu hicho hakisemi dereva alale wapi, wala kama usingizi wake waweza kukatwa mara mbili au tatu. Hayo anajipangia mwenyewe.

Hebu chukua kalamu tupige hesabu. Kisumu hadi Kitale, kupitia Kakamega na Webuye, ni kama kilomita 150. Lori lililojaa, katika njia yenye vilima, matuta na yale matrekta, likipata wastani wa kilomita 45 kwa saa limejitahidi. Kufika Kitale tayari zimekwenda saa 3 na zaidi. Toka hapo upite Kapenguria, uteremke Marich, uvuke Kainuk, na saa zako 8 zitakwisha ukiwa ndani ya Turkana, Lodwar bado iko mbele.

Sasa, Kainuk. Kwa miaka mingi eneo hilo limejulikana kwa mashambulizi ya majambazi wenye bunduki, na hakuna dereva anayependa giza limkute pale. Basi aliyetoka Kisumu jioni hufanya hivi: huendesha saa 2 au 3, akalala Lugulu, Kiminini au Kitale penyewe. Huondoka kabla ya mapambazuko ili avuke Marich na Kainuk jua likiwa juu. Kisha hujinyoosha tena adhuhuri, lori likichemka kama chungu. Saa za usukani hazijavunja sheria hata kidogo. Usingizi je?

Si kwamba kugawa mapumziko ni kosa. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2006, humtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu, na zinamruhusu kuzigawa: 15 kwanza, halafu 30. Marekani, tangu Septemba 2020, dereva mwenye kitanda ndani ya lori anaweza kuzigawa saa zake 10 za mapumziko mara mbili, mradi kipande kimoja kisipungue saa 7 kitandani, na kingine kisipungue saa 2. Kule kifaa ndani ya gari huandika muda wote huo. Angalia hapo, msomaji: wamekubali usingizi ukatwe, lakini wamekilinda kile kipande kikubwa.

Kwetu kipande kikubwa hakina mlinzi. Kinaliwa na mwizi wa dizeli anayenyemelea tangi, hata dereva alale jicho moja wazi huku utingo akizunguka na tochi. Kinaliwa na simu ya tajiri anayetaka kujua mzigo umefika wapi. Kinaliwa pia na posho inayohesabiwa kwa safari, kwani anayelala hapati kitu. Nitaongeza jambo moja linalonichekesha na kunikera. Tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo wa pamoja wa kielektroniki unaofuatilia kontena zinazopita nchini kwenda ng'ambo ya mpaka. Kontena likiacha njia yake, kengele inalia ofisini. Mzigo una wa kuuangalia usiku kucha kuliko mtu anayeubeba.

Na mwili haudanganyiki. Wataalamu walikwisha kupima, wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi kama aliyekunywa pombe ya kutosha kukamatwa katika nchi nyingi. Saa mbaya zaidi ni zile za kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa, kati ya Salgaa na Sachang'wan, basi lililotoka Busia liligongana na lori, na watu 36 wakafa. Sisemi kwamba kuna aliyesinzia. Nasema serikali ilipiga marufuku mabasi kusafiri usiku kwa muda, malori yakaendelea na kazi.

Kwa maoni yangu, Lugulu haihitaji makubwa. Uwanja uliosawazishwa nje ya lami, taa, choo, mlinzi mwenye daftari la namba za magari. Mwenye hoteli wa hapo angeuza chai na ugali, na utingo naye angepata usingizi.

Kwa sasa utingo ndiye saa ya kengele. Hugonga mlango mara mbili, dereva hunawa uso kwa maji ya kibuyu cha plastiki, na taa za nyuma za lori hupotea upande wa Misikhu kabla jogoo wa Lugulu hawajawika vizuri.